Kipande Kilichotangulia

"Haya maji usiyamwage," Dokta Eliudi alimwambia Rahimu, akimkabidhi kikopo cha plastiki chenye kifuniko chekundu. "Yatakuchoma macho, abiria watakusonya, yote vumilia. Nyama ikitoka kwenye haya maji imeharibika, na sisi tumeharibikiwa."

Rahimu alikipokea kwa mikono miwili. Chini ya yale maji kililala kipande cha nyama chenye ukubwa wa embe ng'ong'o, cheupe kama samaki aliyechemshwa. Asubuhi ile kilikuwa bado kwenye kwapa la kulia la mkewe, Hafsa.

"Ndio ugonjwa wenyewe huu?"

"Ndio mtoki wenyewe. Nimeutoa mzima." Daktari alivua glavu akazitupa. "Sikufichi, bwana Rahimu. Nina hakika ni saratani. Lakini saratani si moja, na dawa yake si moja. Wewe si fundi pikipiki?"

"Ndiyo, dokta."

"Ukiletewa pikipiki imevuliwa taa, imevuliwa tangi, imepakwa rangi nyeusi tupu, utajuaje ni ya aina gani?"

"Naangalia namba iliyogongwa kwenye injini. Rangi hudanganya."

"Basi seli za mkeo zimepakwa rangi nyeusi tupu. Nikiziangalia kwa hadubini zitafanana na za magonjwa matatu, manne. Lakini kila seli ina protini zake, na hizo ndizo namba za injini. Kule Dar wana dawa za kuzitafuta, dawa moja kwa protini moja. Ikiiona inaishika, pale mahali panageuka kahawia, mtu anasoma. Ikitoka kuwa ni saratani ya mitoki, mshukuru Mungu, kwa sababu hiyo inayeyuka kwa dawa. Nimewaona watu wakiinuka kitandani na kurudi sokoni. Ikiwa ni ya titi iliyojificha, ni dawa nyingine na safari nyingine. Tukikosa kujua..." Akainua mabega.

"Na gari la hospitali halipeleki?"

"Linapeleka Alhamisi ijayo. Wewe ukipanda basi la alfajiri kesho, umetuokolea siku nane. Kifua chake sikipendi. Kwenye picha kuna uvimbe mwingine ndani, na shingoni ameanza kauvimbe kengine kadogo. Siku nane ni nyingi."

Nesi Praxeda akaandika kwenye kikopo kwa kalamu ya wino mzito: HAFSA JUMBE, KE, 36. Akakitia kwenye mfuko mweusi, akaufunga fundo. "Kondakta akikuuliza, mwambie dawa ya kuku," akasema. "Ukimwambia kweli atakushusha Muheza."

*

Nyumba ya Rahimu ipo mtaa wa Makorora, na Makorora haina nyumba yenye mlango. Milango ipo, ya mbao na ya mabati, lakini haina kazi. Hafsa alikuwa msusi, na mwanamke aliyewahi kukaa chini kwenye mkeka wake akasukwa, kichwa katikati ya magoti yake, alijiona ndugu wa nyumba. Alipoteremshwa kwenye bajaji saa nane mchana, bega limefungwa bandeji, wanawake sita walikuwa wameshamtangulia chumbani kwake, wawili juu ya kitanda.

"Haya, tuonyeshe," alisema Najat, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye macho mapana na mdomo usio na breki. "Wamelikata kwapa lote?"

"Wameniachia la kunukia," Hafsa akajibu, na chumba kizima kikacheka.

Rahimu alisimama mlangoni na mfuko wake mweusi. Angewezaje kuingia katikati ya kicheko kile na kusema, jamani, hii hapa nyama ya kwapa la mke wangu, niiweke wapi? Akazunguka uani. Jikoni hapakuwa na mtu. Akausukuma mfuko juu ya rafu, nyuma ya kapu la vitunguu, akatoka kwenda kukata tiketi. Hakumwambia mtu. Alisema moyoni, kesho alfajiri nitauchukua, na nani atajua?

Mama yake alijua. Bi Zuwena alikuwa amefika kutoka Tongoni tangu asubuhi, na muhogo wake kwenye kikapu, kuja kumuuguza mkwewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye viganja laini kupita umri wake, kwa sababu kwa miaka ishirini na saba viganja vile vilikuwa vikiosha maiti. Kule Tongoni na vijiji vya jirani hakufa mwanamke bila Bi Zuwena kuitwa. Mkoba wake wa kazi alitembea nao popote, majani makavu ya mkunazi, karafuu maiti, pamba, na kipande cha bafta nyeupe ya sanda. Kifo hakibishi hodi, alikuwa akisema, basi kisinikute nimesahau pamba.

Aliingia jikoni kukoroga uji wa mgonjwa, akasikia harufu ya ukali puani. Akafuata pua yake mpaka nyuma ya vitunguu. Akafungua fundo, akainua kikopo kwenye mwanga, akasoma taratibu, kama alivyofundishwa kwenye madarasa ya watu wazima, silabi moja baada ya nyingine. Ha-fu-sa. Halafu akakitazama kilichomo. Hakuhitaji kuulizia. Nyama ya binadamu alikuwa anaijua.

"Subhanallah," alinong'ona. "Kwenye vitunguu?"

Mzee mmoja wa Tongoni alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na hospitali ikawapa watu wake ule mguu, wakaja nao, ukafukiwa kwa heshima na watu wakausimamia. Ndivyo Bi Zuwena alivyojua dunia. Hospitali ikikurudishia kiungo cha mtu wako, imekurudishia ukakizike. Na mwanawe, kama wanaume wote, kapewa kazi ya kuzika, kaitupa pembeni ya kapu akaenda zake mjini. Hakuona haja ya kumsumbua mgonjwa. Mgonjwa alikuwa anacheka, mwache acheke.

Akateka maji ya moto kwenye sufuria ya uji, akayatia majani ya mkunazi mpaka yakatoa povu. Yale maji makali ya kikoponi yalimtoa machozi. Akayamwaga kwenye karo, akaudhika kwamba kiungo cha mtu kimetumbukizwa kwenye sumu. Akakiosha kile kipande mara moja, maji moto juu ya kiganja chake. Akakitia karafuu maiti na tone la marashi, akakilaza kwenye pamba, akakiviringisha bafta. Chini ya mlimao akachimba kwa panga, kina cha dhiraa moja, akakilaza kuelekea kibla. Akasoma alichokisoma, akasawazisha udongo kwa kiganja.

Kisha akakiosha kikopo kwa sabuni ya mche, kwani ni kizuri, kitafaa kutilia chumvi, akakifudikiza kwenye uchanja wa vyombo pamoja na vikombe. Toka chumbani kilikuja kicheko kingine. Bi Zuwena akarudi kwenye uji wake, na moyo wake mweupe.

*

Rahimu alirudi na tiketi wakati watu wanatoka kuswali alasiri. Alipita jikoni kunywa maji. Alinyoosha mkono kwenye uchanja kuchukua kikombe, akashika kikopo chenye kifuniko chekundu, kisafi, kinang'aa, na jina la mkewe limefifia kwa kusuguliwa.

"Mama," akaita. "Mama, kilichokuwa humu kiko wapi?"

"Kipo kwake." Bi Zuwena alikuwa anamenya muhogo. "Nimekistiri. Wewe ulikusudia kukifanya nini, kachumbari?"

"Kiko wapi, mama?"

Akanyoosha kisu kuelekea mlimao.

Rahimu alikwenda pale akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Mama yake akainuka, muhogo ukamwanguka. "Rahimu! Unafukua kaburi? Mwanangu una wazimu? Rahimu!"

"Ilikuwa iende Dar, mama."

"Ikafanye nini Dar?"

"Ikapimwe! Wajue ugonjwa gani, wajue dawa gani!"

"Kwani hawajaukata? Ugonjwa si umetoka?"

Mtu hampigii kelele mama yake. Alichoweza ni kuupigia kelele udongo, na huo nao aliupigia kimyakimya, kwa kucha. Bafta ilitoka, imeloa. Alipoifungua, ilitoka pia harufu ya karafuu maiti ikajaa uani kote. Kipande kilikuwa kimelegea, kimegeuka rangi ya kijivu kingoni.

Bi Zuwena alitazama uso wa mwanawe, na hapo ndipo alipoanza kuelewa, si kipimo wala protini, bali kwamba amefanya jambo. Akajishika kichwa. "Nimeua?"

"Nyamaza, mama. Watu."

Watu alikuwa mmoja, naye alitosha. Najat alikuwa ametoka chumbani kwenda msalani, na kutoka pale msalani, juu ya ukuta mfupi, alimwona Rahimu amepiga magoti chini ya mlimao, mikono ina udongo, ameshika kitu kilichoviringishwa kitambaa cheupe. Na mama mkwe amesimama juu yake, kajishika kichwa.

"Usimwambie Hafsa," Bi Zuwena alisema kwa sauti ya chini. Najat hayo hakuyasikia. Alichokiona kilimtosha.

*

Jioni ile hospitalini, Praxeda alikifungua kikopo, akakunja pua. "Yako wapi maji?"

"Yalimwagika."

"Yote? Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Njiani. Bodaboda iliruka tuta."

"Na hii pamba?"

"Nilifutia."

Akainusa. "Mbona inanukia marashi?"

Rahimu akacheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. "Mke wangu anapenda marashi, sista."

Mlango wa chumba cha daktari ulikuwa wazi. Dokta Eliudi alionekana mgongo wake tu, akimsikiliza mzee wa Moa aliyekuwa anakohoa. Hatua sita. Angezipiga hatua sita akasema, dokta, mama yangu amekiosha na kukizika, daktari angetukana, angecheka, kisha angemwambia mlete mkeo kesho asubuhi, nitoe kale kadogo ka shingoni kabla hakajakua. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini kusema vile ni kumweka mama yake katikati ya korido ya hospitali, mbele ya manesi, wamcheke mshamba wa Tongoni. Rahimu alizitazama zile hatua sita. Praxeda akamimina maji mapya, akaandika jina upya, akamwambia safari njema.

Fedha za vipimo zilitoka kwenye kikoba cha wasusi, na Dar alizitoa zote kwenye kidirisha kimoja, kwa msichana ambaye hakuinua macho. "Alama tisa?" msichana aliuliza, maana yake zile dawa za kutafuta protini. "Tisa," akajibu Rahimu, na kwa mara ya kwanza tangu jana akajisikia mwanamume. Si nane. Tisa. Katika tisa haikosi moja kushika.

*

Majibu yangechukua wiki tatu, na wiki tatu ni nyingi kwa Makorora. Siku ya kwanza Najat alimwambia mtu mmoja, dada yake, kwa kumuapisha. Siku ya nne muuza genge alikuwa anajua kwamba Rahimu amefukua uani kwake kitu kilichofungwa sanda. Wiki ilipoisha, kitu kile kilikuwa na nywele za Hafsa, na kucha, na jina lake limeandikwa kwa wino mwekundu.

"Nywele atazikosaje, na yule msusi?" alisema mmoja kwenye foleni ya maji.

"Na nani angejua kufunga sanda vile? Si kazi ya Bi Zuwena?"

"Mwe! Mkwe huyo!"

Na Hafsa alikuwa anakonda, watu wanaona. Vidole vilivyokuwa vikisuka kichwa kizima kwa saa mbili vilishindwa kufunga kanga. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala chali pumzi inakata.

Siku moja alifariki bibi wa nyumba ya nne. Bi Zuwena akachukua mkoba wake, akaenda bila kuitwa, kama ada. Mlangoni alipokewa na binti wa marehemu, aliyeushika ule mkoba kama anataka kumpokea, kumbe anauzuia.

"Shikamoo, Bi Zuwena. Leo pumzika, mama. Una mgonjwa nyumbani. Tumeshapata mtu kutoka Horohoro."

"Horohoro?" Bi Zuwena alishangaa. "Mnamtoa mtu mpakani, na mimi niko hapa hapa?"

"Pumzika, mama."

Akakaa mkekani na wengine. Mwanamke aliyekuwa kulia kwake akasogea. Wa kushoto akakumbuka kwamba ameacha jiko. Bi Zuwena alibaki na mkeka mpana peke yake, mkoba mapajani, mpaka maiti ikatoka.

*

Dokta Eliudi alisoma karatasi kutoka Dar mara mbili kabla ya kusema. Mbele yake Hafsa alikuwa ameketi, akihema kama mtu aliyepanda ngazi, na Rahimu amesimama nyuma ya kiti.

"Saratani ipo, hilo wanathibitisha. Sasa zile alama. Tisa." Akaiweka karatasi mezani. "Haikushika hata moja."

"Maana yake si saratani mbaya?" Hafsa aliuliza.

"Maana yake hatujui. Wanaandika kwamba hata ile ambayo lazima ishike kwenye nyama ya mtu yeyote, mzima au mgonjwa, nayo haikushika. Hiyo ndiyo ya kutuambia kama kipimo kimefanya kazi. Wanasema nyama ilipata joto, au ilianza kuoza kabla ya kuhifadhiwa. Protini zimekufa." Akamwangalia Rahimu. "Bwana Rahimu, kulitokea nini?"

Kulikuwa na feni juu ya meza, inazunguka na kulia kila ikifika upande wa dirisha. Rahimu aliisikiliza ikafika dirishani mara tatu.

"Basi lilikuwa la joto sana, dokta."

Hafsa akageuza shingo yake iliyovimba, taratibu, akamtazama mumewe. Miaka kumi na minne alikuwa amelala na mtu yule.

"Toa nyingine," alimwambia daktari.

"Ningeitoa siku ile ile. Sasa ile ya shingoni imekumbatia mishipa, na wewe huwezi kulala chali nikakupasua. Kitu ninachoweza ni kuvuta maji yaliyojaa kwenye pafu, niyapeleke hayo. Pengine yana seli za kutosha."

"Majibu lini?"

"Wiki tatu."

"Na hizo wiki tatu nitameza nini?"

"Dawa ya maumivu. Hizi dawa za saratani, mama, haziagizwi kwa kukisia. Nikikupa ya mitoki, na wewe una nyingine, nitakumaliza mimi kabla yake."

"Nitakuwepo, dokta? Hizo wiki tatu?"

Dokta Eliudi akazipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangika.

*

Sasa ni Najat aliyekuwa akimsuka Hafsa. Nywele zilikuwa hazihitaji kusukwa, lakini Najat alisisitiza, akapanda kitandani nyuma yake, akamlaza kichwa kifuani.

"Shoga yangu, mimi sina maneno, unanijua."

"Nakujua."

"Lakini damu ni nzito. Siwezi kukuona unakwenda hivi, na mimi nilichokiona nimekiona." Akamweleza mlimao, udongo, kitambaa cheupe, mama mkwe kajishika kichwa. "Mtaa mzima unajua, Hafsa. Wewe tu ndiye unayenyweshwa uji wake."

"Siku gani?"

"Siku ile ile uliyokatwa. Alasiri."

Vidole vya Najat vikaenda mistari miwili. Hafsa hakuwa amesoma sana, lakini alijua kuhesabu kwenda na kurudi. Kikopo. Alasiri. Marashi aliyoyasikia yakinukia mpaka chumbani, akadhani amefika mgeni. Basi lilikuwa la joto sana, dokta.

"Niitie mama," akasema. "Na wewe nenda."

Bi Zuwena alikuja na bakuli la uji. Hafsa akamwambia aliweke chini.

"Mama, ulizika nini?"

Bi Zuwena aliketi sakafuni pale pale alipokuwa. Alisema yote, bila kujitetea, tangu vitunguu mpaka mlimao. Alisema na mkunazi, na maji yalikuwa ya moto kiasi gani, na aliosha mara moja akakiona kimetakata. "Nilidhani nakustiri, mwanangu. Wallahi nilidhani nakustiri."

Hafsa akaanza kucheka. Alicheka mpaka kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikamtoa machozi, na Bi Zuwena alipoinuka kumshika, akamsukuma mkono. "Usiniguse."

Kwa siku nne hakuugusa uji wake. Bi Zuwena aliupika asubuhi, akauweka mlangoni, jioni akaumwaga chini ya mlimao. Rahimu alikwenda gereji na kurudi, alipojaribu kusema, mkewe alimwambia, "Wewe sikuulizi. Yeye hakujua. Wewe ulijua ukaogopa kuchekwa." Hakurudia tena neno hilo, wala halikuhitaji kurudiwa.

Siku ya tano alimwita mkwewe.

"Ukisema kweli, watasema umeniua kwa ujinga. Ukinyamaza, watasema umeniua kwa uchawi. Unataka lipi?"

"Utakalochagua wewe."

"Mimi najifia, mama, nina kazi nyingine." Akavuta pumzi, ikamchukua muda kuipata. "Nataka wewe ndiye unioshe. Si mtu wa Horohoro. Na maji amimine Najat."

"Najat hatakubali."

"Najat? Akose kuona?" Kidogo tu, kwa mara ya mwisho, uso wa Hafsa ukawa ule wa mkekani, wa kusuka na kusengenya. "Nipe huo uji. Umepoa?"

*

Alikufa Jumanne, kabla ya adhuhuri, wiki mbili na siku moja baada ya kuvutwa maji ya pafu. Majibu yalikuwa hayajaja. Yalipokuja, hospitali ilimpigia Rahimu simu mara tatu akayachukue, naye kila mara akasema ndiyo, nakuja, akarudi kuinamia injini. Hakwenda. Kama ingekuwa ile inayoyeyuka kwa dawa, angeishi vipi na karatasi ile? Na kama ingekuwa nyingine, nani angeamini?

Siku ile ya Jumanne nyumba ilijaa kama Hafsa alivyopenda ijae. Wanawake walikaa mpaka barazani, na Bi Zuwena alipotokea na mkoba wake, minong'ono ilipita kama upepo kwenye makuti. Rahimu akasimama mlangoni. "Ni wasia wake," akasema, na hakuna aliyesogea kupinga.

Wakaingia wawili, pazia likashushwa. Najat alishika kata kwa mikono miwili. Alikuja kuona mkono wa mchawi ukigusa alichokiroga. Alichokiona ni kikongwe anayeongea na maiti kwa sauti ya kumbembelezea mtoto. Geuka kidogo, mama. Hivyo. Maji si ya moto, nimeyajaribu mwenyewe. Chini ya shuka viganja vyake vilikwenda polepole, kichwa, shingo ile iliyovimba, upande wa kulia, upande wa kushoto. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Povu la mkunazi lilikuwa likiteleza mpaka kwenye karo.

Mara ya tatu Bi Zuwena alianza kichwani tena. Alishuka begani, akafika kwenye kovu la kwapani, jembamba, limeshonwa vizuri. Najat akainua kata akamimina. Viganja havikuwepo. Vilikuwa vimeliruka kovu, vimeshafika mbavuni.

"Bi Zuwena," Najat akanong'ona. "Hapa bado. Hapa umeosha mara mbili."

"Mimina huku."

"Mara mbili tu, mama. Nimehesabu."

Bi Zuwena alisimamisha mikono. Hakuinua macho.

"Hapo nilitangulia kuosha mara moja," akasema. "Siku ile uliyoniona."

Maji yakaendelea kumiminika kutoka kwenye kata ya Najat, juu ya sakafu, mpaka yakaisha.